Mzula wa bibi wa rangi mbili, unavaliwa pande zote: ulifumwaje huu?

#1 mwana_makete
Wakuu, salaam. Mwezi uliopita tulimaliza arobaini ya bibi kule Makete. Kwenye kugawana vitu watu waligombea blanketi na masufuria, mimi nikaangukiwa na mzula wake (kofia ya kufuma ya baridi) ambao hakuna aliyeutaka. Nje ni bluu yenye nyota za njano. Ukiugeuza unakuta njano yenye nyota za bluu, nyota zilezile, mahali palepale. Hakuna uzi unaoning'inia upande wowote, mshono siuoni, na ukiuvaa masikio yanapata joto kama umekaa jikoni karibu na mafiga.

Mimi najifunza kufuma (ndiyo, ni mwanaume, tulimalize hilo mapema). Nimejaribu kuuiga. Wa kwangu nje unapendeza, ndani ni utando wa buibui, kila nikiuvaa kidole kinanasa. Swali langu: bibi aliufumaje?

#2 Mtu_wa_Pwani
Niko Tanga. Nimesoma neno mzula tu jasho limenitoka. Napita.

#3 ShoshoWaLimuru
Pole kwa msiba. Sisi huku tunaiita boshori, vijana wetu wanasema marvin. Hiyo ya kwako ina utando kwa sababu unafuma tabaka moja, na uzi usiotumika unaubeba mgongoni mpaka zamu yake ifike. Hiyo ya nyanya yako ni tabaka mbili zinazofumwa pamoja kwenye sindano zilezile. Kila tabaka imeipa mwenzake mgongo, kwa hivyo uchafu wote umefichwa katikati. Nimefuma hivyo tangu watoto wangu wakiwa shule ya msingi na sasa wana watoto wao.

#4 mwana_makete
Nyanya yangu?

#5 Mtu_wa_Pwani
Mkenya huyo. Kwao nyanya ndiye bibi, na bibi ni mke. Angalia usije ukamwambia umerithi kofia ya bibi yako, atakupa pole ya ujane.

#6 FundiSweta_Njombe
Huo ni wa mashine. Nafuma masweta ya shule kwa mashine ya mkono, hiyo kazi naijua. Mashine yenye vitanda viwili, yaani safu mbili za sindano, inatoa picha mbele na picha hiyohiyo nyuma ikiwa imegeuzwa rangi, na katikati panabaki uwazi kama mfuko. Mkono wa mtu haufumi nyota zinazolingana hivyo. Bibi alinunua mnadani, msisumbuke.

#7 ShoshoWaLimuru
Fundi, mashine yako inatoa kitambaa bapa. Kofia ikitoka bapa lazima ishonwe ubavuni. Mwenye kofia amesema haoni mshono. Uko wapi?

#8 FundiSweta_Njombe
Mama, mshono wa fundi anayejua kazi hauonekani. Ukiuona, dai pesa yako.

#9 mwana_makete
Ngoja niongeze kitu. Kwenye sanduku lake tulikuta spoku tano za baiskeli, ncha zimesuguliwa kwenye jiwe mpaka zimekuwa kama sindano. Mashine hatukukuta. Na nimehesabu: nyota nane kuzunguka, kila nyota na nafasi yake inakula vitanzi 12. Kwa hiyo 96 nje na 96 ndani.

Shosho, hebu nieleze hiyo ya matabaka mawili kwa taratibu, kama unamfundisha mtoto.

#10 FundiSweta_Njombe
Spoku ya baiskeli ina milimita 2. Fuma vitanzi 96 kwa milimita 2 upate kofia ya kichanga. Hesabu yako inanipa ushindi.

#11 ShoshoWaLimuru
Haya mwanangu. Mimi naita kitanzi cha uso na kitanzi cha mgongo. Cha uso kinakaa kama V, cha mgongo kinakaa kama kinundu.

Unaanza na vitanzi 192, yaani jozi 96: bluu, njano, bluu, njano. Nyuzi ZOTE MBILI zikiwa nyuma ya sindano, fuma kitanzi cha kwanza, cha uso, kwa bluu. Lete nyuzi ZOTE MBILI mbele, fuma cha pili, cha mgongo, kwa njano. Zote nyuma, zote mbele. Ukifika kwenye nyota unabadilisha kazi: uso kwa njano, mgongo kwa bluu. Hapo ndipo tabaka zinapopishana na kushikana. Pasipo na nyota zinaachana, unaweza kuzifinya uzitenganishe kwa vidole.

Ukiusahau uzi mmoja usipouleta, utaona kakamba kamelala juu ya V kama mtu alipitisha kalamu. Fumua papo hapo, usijiambie utakarekebisha kesho. Na kila donge liweke kwenye kopo lake, moja kushoto moja kulia, la sivyo baada ya mizunguko mitatu utakuwa unasuka nywele.

Tumia sindano namba 10.

#12 Mpagazi5895
Mimi kufuma sijui, kuvaa najua. Napandisha wageni Kilimanjaro. Pale kambi ya Barafu ni zaidi ya mita 4,600, na usiku wa kuelekea kileleni kinachokuua ni upepo, baridi yenyewe inafuata nyuma. Mzula mnene uliofumwa kwa ulegevu upepo unapita kama dirisha lisilo na kioo. Mwembamba uliokazwa, wa matabaka mawili, unakufikisha. Wengi wetu tunanunua mitumba hapa Moshi na tunavaa miwili kwa pamoja, mkubwa juu ya mdogo. Kwa hiyo bibi yako alikuwa anajua alichofanya, mashine au si mashine.

#13 Mtu_wa_Pwani
Huku kwetu mambo yako kinyume. Kofia ya viua nayo ina vitambaa viwili vilivyolaliana, lakini mshonaji anakaa wiki kadhaa akitoboa vitundu na kuvizungushia uzi ili upepo UPITE. Nyie mnauziba, sisi tunaukaribisha.

#14 Dada_Trondheim
Salaam kutoka Norway. Nafuma tangu nilipohamia huku, wakati wa baridi hakuna kazi nyingine. Naheshimu maelezo ya Shosho (#11) ila nina wazo jepesi zaidi. Huku mizula ya matabaka mawili wengi wanaifuma kama mfuko mrefu uliofungwa miisho yote miwili, kama soseji. Nusu moja bluu yenye nyota za njano, nusu ya pili njano yenye nyota za bluu. Ukimaliza unausukuma mwisho mmoja ndani ya mwingine, basi, una kofia. Ule utando wa mwana_makete unabaki umefungiwa ndani, hakuna atakayeuona. Ni mbinu ya mtu wa mwezi mmoja. Ile ya Shosho inataka subira.

Halafu hiyo nyota, je, ina petali nane? Hiyo ni ya Selbu, si mbali na ninapokaa. Inasimuliwa kwamba Marit Emstad alifuma glavu za kwanza za rangi mbili zenye nyota hiyo mwaka 1857, akaenda nazo kanisani, wilaya nzima ikaiga. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin waliingia Nyanda za Juu Kusini 1891. Unganisheni wenyewe.

#15 Mtu_wa_Pwani
Nimeunganisha, haikuungana. Berlin si Norway. Na nyota ya petali nane ipo hata kwenye mkeka wa shangazi yangu hapa Tanga, na Norway hajawahi kuisikia. Mtu yeyote anayefanya kazi ya kuhesabu miraba, mkeka au kofia, ataifikia nyota hiyo tu.

#16 mwana_makete
Shosho nisaidie. Nimenunua sindano namba 10 kama ulivyosema. Ni kama miguu ya kiti. Nimefuma mizunguko sita, nimepata wavu wa kuvulia dagaa.

#17 ShoshoWaLimuru
😂😂 Woiye. Umenunua za milimita 10! Mimi nahesabu kwa namba za zamani za Kiingereza, ambazo namba ikipanda sindano inakonda. Namba 10 ya zamani ni milimita 3.25, namba 8 ni milimita 4. Kosa ni langu, nimezoea. Hizo kubwa usitupe, fumia blanketi la mtoto.

#18 FundiSweta_Njombe
Dagaa nao wanastahili kofia.

#19 mwana_makete
Nacheka mwenyewe. Haya, marekebisho mawili. Moja, nimepeleka zile spoku kwa jamaa wa pikipiki. Anasema si za baiskeli, ni za pikipiki, akazipima zikasoma milimita 3.5. Kwa hiyo Fundi, ushindi wako wa #10 naurudisha ghalani.

Pili, nimefinya mzula kama Shosho alivyosema. Sehemu tupu matabaka yanaachana vizuri, naweza kuvuta moja likatoka kama ngozi ya kuku. Kwenye nyota yameshikana, hayatoki.

#20 ShoshoWaLimuru
Basi. Nilisema nini?

#21 Dada_Trondheim
Shosho, bado. Kama uzi ni sufi halisi, miaka ya kuvaliwa na kufuliwa kwa maji ya moto inaugandisha. Ndani ya mfuko, nyuma ya nyota, ndiko nyuzi za kubebwa zinakopita. Zile ndizo zinazosuguana, zinashikana kama nywele zisizochanwa. Utafinya na utaona hayohayo: patupu panaachana, penye nyota panashika.

#22 Mwl_Kiswahili_Mstaafu
Sufu. SUFU, binti yangu. Sufi ni ya msufi, ile pamba pamba inayojazwa kwenye mito. Kondoo hazai sufi. Endeleeni.

#23 Dada_Trondheim
Shikamoo mwalimu. Sufu. 🙏

#24 FundiSweta_Njombe
Hii inapimika. Akriliki haigandani hata uichemshe, sufu ndiyo hugandana. Chomoa vinyweleo kidogo, kila rangi peke yake, vishike kwa kibanio cha nyusi, vikaribishe kwenye mshumaa. Sufu inanuka nywele zilizoungua na inaacha majivu yanayosagika kwa vidole. Akriliki inajikunja, inayeyuka, inaacha kitone kigumu cheusi. Usikiguse kikiwa cha moto, nina kovu. Ikiwa ni akriliki pande zote, Dada amekosa na Mama amepata. (Na mimi bado nasema mashine.)

#25 Msomaji_wa_Usiku
Naongeza la pembeni. Kwenye Vita na Amani ya Tolstoy, mwisho mwisho, kuna yaya mzee anafuma soksi mbili kwa wakati mmoja kwenye sindano zilezile, moja ndani ya nyingine, kisha anaichomoa moja mbele ya watoto kama mwanamazingaombwe. Ni mbinu ileile ya Shosho, ila bila kupishanisha nyuzi, ndiyo maana soksi zinaachana. Kitabu hicho kimetoka miaka ya 1860, kwa hiyo wazo si geni.

#26 Mtu_wa_Pwani
Mrusi anafuma soksi mbili kwa mpigo, mimi nanunua jozi na ndani ya wiki nimebaki na moja.

#27 mwana_makete
Matokeo ya mshumaa, kaeni chini. Bluu: imenuka nywele, majivu yamesagika. Njano: imejikunja, kitone cheusi kigumu. Nimerudia mara mbili, mama akanifukuza sebuleni.

#28 ShoshoWaLimuru
Hiyo haishangazi. Zamani tulifumua masweta ya mtumba, uzi ukatoka mwingi na mzuri kuliko wa dukani. Bluu ni sweta la mtu lililofumuliwa, sufu safi. Unauzungusha kwenye mgongo wa kiti, unauosha, unautundika na jiwe chini mpaka mawimbi yanyooke. Njano alinunua dukani. Nakumbuka nimewahi kumfumua mzungu mzima mikono na kifua nikapata kofia tatu.

#29 Mpagazi5895
"Nimemfumua mzungu mzima." Naondoka nayo hiyo.

#30 Dada_Trondheim
Na mimi bado sijaanguka. Bluu ni sufu, nusu ya nyuzi zilizoko katikati zinaganda. Inatosha kushika.

#31 ShoshoWaLimuru
Nusu ya ndoa ni ndoa?

#32 Dada_Trondheim
😂 Shosho! Haya, kuna kipimo kisichohitaji moto. Mfuko wangu ukiusukuma ndani, tabaka moja limefumwa kutoka ukingoni kwenda juu na lingine limefumwa kutoka juu kuja ukingoni. Kwa hiyo V za ndani zitakuwa kichwa chini. Za Shosho zote zinakwenda upande mmoja. Shika mzula ukingo ukiwa chini, tazama nje, geuza, tazama ndani. Usitazame sehemu ya rangi moja, hapo macho yanadanganya, kwa sababu V zikipinduliwa bado unaziona V nyingine katikati yao. Tafuta ncha ya nyota, pale palipo na kitanzi kimoja tu cha rangi yake.

#33 mwana_makete
Nimetazama kwa kioo cha simu. Nje: V. Ndani: V. Zote zimesimama.

#34 ShoshoWaLimuru
Asante sana. Nakwenda kuweka chai.

#35 Dada_Trondheim
Shosho usikimbie na chai. Nakubali soseji imekufa. Lakini kuna njia ya tatu: unaanzia UKINGONI kwa uzi wa muda wa rangi nyingine, unafuma nje mpaka juu. Kisha unarudi, unauchomoa ule uzi wa muda, unaviokota vitanzi vilivyobaki wazi, unafuma bitana kwenda upande wa pili. Ukiukunja, V zote zinasimama, nje na ndani. Alama yake ni moja tu: ukiokota vitanzi kwa kinyume hivyo vinahama nusu kitanzi. Ukingoni utaona safu za nje na za ndani hazikutani uso kwa uso, zimepishana nusu. Angalia ukingo.

#36 FundiSweta_Njombe
Na ukingo ukionyesha mwanzo wa mashine?

#37 mwana_makete
Ukingo... Wakuu, ukingo umeshonwa upya kwa uzi mweusi, mzunguko mzima, mishono ya karibu karibu. Nadhani ulichanika akauziba. Siwezi kuona kilicho chini yake. Nimechukua mkasi mdogo nifungue kidogo tu, sentimita mbili. Mama akauchukua mzula mkononi mwangu, akauvaa, akarudi kumenya viazi. Hajauvua.

#38 Mtu_wa_Pwani
Mama ni mahakama ya rufaa.

#39 Mwl_Kiswahili_Mstaafu
Na ni vizuri. Mishono ile nayo ni ya marehemu.

#40 Mjukuu_wa_Bulongwa
Nimechelewa. Kwetu ni jirani na kwao mleta mada, na nyanda zetu asubuhi za Juni na Julai zinaamka nyeupe kwa barafu, viazi vinaungua majani. Nawakumbuka akina mama waliofuma huku wanatembea kwenda mnadani, makopo mawili kwenye kikapu, hawatazami mikono. Kama walikuwa wanafuma matabaka mawili kwa pamoja au moja moja, sikuwahi kuuliza, nilikuwa mtoto. Makopo mawili nayakumbuka.

#41 ShoshoWaLimuru
Makopo mawili!

#42 Dada_Trondheim
Hata mimi nikifuma tabaka moja la rangi mbili natumia makopo mawili. 😅

#43 FundiSweta_Njombe
Kwenye mashine koni zinakuwa mbili pia. Nasema tu.

#44 mwana_makete
Mimi nimehamia kwa vitendo. Sindano za milimita 3.5, namna ya Shosho, jozi 96, nimefika sentimita 14. Mizunguko ya kwanza nimepitisha kalamu mara kumi kama alivyoonya #11, sasa mkono umeshika. Kwa mzunguko mmoja natumia dakika kumi na mbili. Kuna kinachonitatiza: kupunguza juu. Nikiunganisha vitanzi viwili vinavyofuatana naunganisha bluu na njano, matabaka yanagandana.

#45 ShoshoWaLimuru
Lazima uvipange upya kwanza. Chukua jozi mbili, zimekaa uso, mgongo, uso, mgongo. Toa sindano, badilisha viwili vya katikati, vikae uso, uso, mgongo, mgongo. Usiogope, havifumuki kama huvuti, ila usipige chafya. Sasa unganisha nyuso mbili kwa bluu, migongo miwili kwa njano. Fanya hivyo mara nane kwenye mzunguko, kisha mzunguko mmoja bila kupunguza, rudia. Zikibaki jozi nane, kata nyuzi. Ule wa bluu upitishe kwenye nyuso, ule wa njano kwenye migongo, kila mmoja uvute kivyake. Utapata kitundu kilichofungwa vizuri pande zote mbili.

Na hapo nakuuliza: juu ya mzula wa nyanya yako pamefungwaje?

#46 mwana_makete
Mama amelala nao. Nitatazama asubuhi.

#47 mwana_makete
Nimetazama akiwa anafagia, nimemzunguka kama kuku. Nje pamefungwa kwa kuvutwa, kitundu kidogo sana cha bluu. Ndani siwezi kuona kwa sababu kuna kichwa.

#48 Mpagazi5895
Shosho, vitanzi vikiachiwa sindano ndiyo havifumuki kweli? Nataka kumwambia mke wangu, naye anaogopa hapo hapo.

#49 ShoshoWaLimuru
Sufu haifumuki kirahisi, ina magamba yanashikana. Akriliki ni telezi, mwambie abane kwa vidole viwili.

#50 Mtu_wa_Pwani
Jamani mimi nimerudi kwa shida ya kweli. Kijana wangu amepata chuo Mbeya, na jana kapiga simu analalamika meno yanagongana. Shosho, au mwana_makete ukimaliza mafunzo, nifumieni mmoja. Kichwa sentimita 56.

#51 mwana_makete
Rangi gani?

#52 Mtu_wa_Pwani
Zozote mbili. Akichoka moja ataugeuza.